Pua ya Silvia, Injini ya S14: Mwongozo Kamili wa Kubadilisha Uso na Injini za Nissan Silvia na 180SX, Kutoka Gereji ya Malindi

Ukinipa bodi ya 180SX iliyo kavu, hata kama injini yake imekufa, nitaipokea kwa mikono miwili. Ukinipa injini safi iliyo ndani ya bodi iliyolala miaka mitano Gongoni, jirani na mashamba ya chumvi, nitakurudishia funguo zako. Somo hili nimelilipia. Gari yangu ya kwanza niliipenda kwa macho. Nikaibadilisha uso, nikaipaka rangi, majirani wa Barani wakaja kuitazama. Siku ya kuinyanyua ili tutoe injini, reli ya chesisi ikabonyea juu ya jeki kama boksi la karatasi. Bampa, taa, rangi, vyote nilikuwa nimevifunga juu ya chuma kilichooza.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kufanya kazi mbili ambazo wapenzi wa gari hizi huzifanya pamoja: kuvua pua, yaani uso wa mbele, ya gari moja na kuvika ya nyingine, na kutia injini ya kizazi cha baadaye kwenye bodi ya zamani. Pua ni kazi ya milimita. Injini ni kazi ya nyaya. Na kwetu pwani, chumvi hutangulia kuamua kabla hujashika spana.

Zijue gari zenyewe

Silvia S13 ilitoka Japani mwaka 1988, na ndugu yake 180SX akafuata 1989. Kwa chini ni gari moja. Silvia ni kupe yenye buti la kawaida na taa zilizotulia mahali pake. 180SX ina mlango wa nyuma unaonyanyuka pamoja na kioo, na taa zinazoinuka na kulala. Zote mbili zilianza na injini ya CA18DET ya lita 1.8, yenye turbo na nguvu za farasi 175. Mwaka 1991 zikapewa SR20DET ya lita 2, farasi 205. Silvia ya kizazi kilichofuata, S14, ilikuja 1993 na SR20DET ya farasi 220, ikabadilishwa sura 1996, taa za mviringo zikawa kali kama jicho la mwewe. S15 ilianza Januari 1999 na kuisha Agosti 2002. Turbo yake ilitoa farasi 250 na giaboksi yake ina gia 6. 180SX yenyewe iliendelea kuundwa hadi 1998, ikawa inauzwa sambamba na S14.

Kuna namba za kushika kichwani kuliko hizo za farasi. Upana wa S13 ni milimita 1,690. S14 ni 1,730. S15 ni 1,695. Na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma: S13 ni 2,475, S14 na S15 ni 2,525. Ukizitazama vizuri utaelewa kwa nini vijana wa Japani walichanganya nyuso walivyochanganya. Silvia na 180SX za kizazi kimoja zinabadilishana pua kwa bolti, bila kukata kitu. Uso wa S15 unaweza kulazimishwa kwenye bodi ya S13 kwa sababu upana wao unapishana milimita 5 tu. Uso wa S14 kwenye S13 unazidi kwa milimita 40, na hapo utajikuta unaunda madigadi upya. Mimi sikushauri.

180SX yenye pua ya Silvia huitwa Sileighty. Ilizaliwa kwa shida: 180SX ikigongwa mbele kwenye drifti, ule mchezo wa kutelezesha gari konani makusudi, kurudisha zile taa za kuinuka na mota zake kuligharimu, na pua ya Silvia ilikuwa nafuu na nyepesi. Ikapendwa hadi mwaka 1998 kampuni ya Kids Heart ikaziuza zikiwa mpya. S13 yenye uso wa S15 nayo inaitwa Strawberry, kwa kuwa 15 kwa Kijapani husomwa ichi-go, na ichigo ni stroberi.

Jifunze pia kusoma herufi za kibati cha chesisi. S13 peke yake ni Silvia yenye CA18. PS13 ni Silvia yenye SR20. RS13 ni 180SX yenye CA18, na RPS13 ni 180SX yenye SR20. Ukiona K imetangulia, gari ina HICAS, ule mfumo wa kugeuza matairi ya nyuma. Muuzaji anaweza kukuapia kwa jina la mama yake kwamba gari ilizaliwa na SR, nawe kibati kikakwambia vingine.

Bodi kwanza

Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, kwa hiyo hata S15 ya mwisho mlango ulishafungwa zamani. Bodi utakayoifanyia kazi ni moja ya zile zilizokwisha kuingia, na imeshakula upepo wa kaskazi na kusi kwa miaka mingi. Ikague asubuhi, gari ikiwa imeoshwa, wala usikubali kuikagua ikiwa imetoka kupakwa oili chafu chini. Oili hiyo huficha.

Chukua bisibisi pana na nyundo ndogo. Gonga kwa mpini reli mbili za chesisi zinazopita chini ya miguu ya dereva na abiria. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kwa sauti ya boksi. Endelea na vizingiti vya chini ya milango, matao ya matairi ya nyuma, pembe za minara ya springi, na chini ya betri ambako asidi na chumvi hushirikiana. Inua zulia upande wa abiria. Ukikuta maji au kutu, fuatilia yanakoingia.

Kutu ya madigadi au boneti isikutishe, vitu hivyo si unavitoa? Kutu ya reli na minara ndiyo ya kuondokea. Ukiweza, tafuta gari iliyokaa bara. Gari ya Nakuru iliyokwaruzika kote ni afadhali kuliko ya Mambrui inayong'aa.

Karatasi

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka mwenye gari kuarifu msajili maelezo ya gari yanapobadilika, na namba ya injini ni mojawapo. Rangi pia. Kwa hiyo kabla ya kununua injini, dai risiti yenye namba ya injini iliyoandikwa kwa ukamilifu na nakala ya karatasi za forodha ilikoingilia. Bila hizo, siku ya ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, utakuwa na injini isiyo na baba. Ijulishe na kampuni ya bima yako kwa maandishi. Gari iliyobadilishwa injini kimyakimya ikipata ajali, anayekulipa ana sababu ya kukukwepa.

Kununua: chukua kamili

Hapa ndipo watu wengi huharibikiwa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Niliuziwa injini ya S14 kule Mombasa, safi, kavu, turbo haichezi. Nyaya zake zilikuwa zimekatwa kwa msumeno sentimita kumi kutoka kwenye plagi, na kontrolboksi, ile kompyuta ya injini, ilikuwa imeshauzwa kwa mtu mwingine. Nilifurahia bei. Kisha nikakaa karibu miezi miwili nikitafuta kipande kimoja kimoja, na jumla yake ikapita bei ya nozikati nzima.

Nozikati ndiyo ya kutafuta: sehemu ya mbele ya gari iliyokatwa Japani, ikiwa na pua, injini, giaboksi, na nyaya hadi ndani ya dashibodi. Ukikosa, basi injini uichukue na wayaringi yake isiyokatwa, kontrolboksi yake, sensa yake ya hewa, koili na kifaa chake cha kuwashia plagi, rilei zake, altaneta, stata, pampu ya usukani, turbo, paipu zote za hewa na intakula (kipoza hewa ya turbo), giaboksi yake na propela shafti. Plagi ya kontrolboksi ya S13 na ya S14 haziingiani, na sensa za hewa hazifanani. Mchanganyiko wa vipande vya vizazi viwili huwaka, hutembea vibaya, na hakuna fundi atakayejua aanzie wapi.

Tuna bahati moja ambayo Wamarekani hawana: sisi tunaendesha upande mmoja na Wajapani. Usukani uko kulia, nyaya zina urefu unaofaa, paipu za klachi na breki zinakaa mahali pake. Ukiona sehemu za 240SX ya Marekani zinauzwa rahisi, ujue injini yake ni KA24 isiyo na turbo, na nyaya zake zilikatwa kwa usukani wa kushoto.

Kagua injini hivi. Toa plagi zote nne, kanyaga mafuta hadi mwisho, zungusha kwa stata huku geji ya kompresheni ikiwa kwenye tundu moja baada ya jingine. Mimi hujali ulingano kuliko ukubwa wa namba. Silinda moja ikipungukiwa na wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, naiacha. Kisha fungua kofia ya vali. SR20 haina mkanda wa taimingi, ina cheni, na hilo ni jema. Udhaifu wake ni roka, vile vipande vinavyosukuma vali: injini ikizungushwa kupita kiasi, roka huruka kutoka mahali pake. Hakikisha zote 8 zimekaa, na kamshafti haina michirizi. Shika shafti ya turbo kwa vidole. Ikicheza kidogo pembeni ni kawaida, ikicheza mbele na nyuma turbo imekwisha. Ukipewa nafasi ya kuisikia ikiwaka, injini za S14 na S15 zina kifaa cha kubadilisha taimingi ya vali za intake, na kikichakaa hugugumia kama dizeli. Si mwisho wa dunia, ila ni cha kupunguzia bei.

Hatua ya kwanza: kuvua

Toa betri. Piga picha kila kona kabla hujagusa kitu, kisha piga tena. Gesi ya AC ivutwe na fundi wa AC, usiifungulie hewani. Mwaga maji ya rejeta, oili, na maji ya usukani. Kila bolti iende kwenye mfuko wake wenye jina, na kila plagi ya umeme ifungwe utepe wenye maandishi. Hapa kwetu kazi husimama: umeme unakatika, fundi anasafiri msibani, Ramadhani inaingia. Ukirudi baada ya wiki tatu hutakumbuka bolti ile fupi ilitoka wapi.

Hatua ya pili: pua

Kwa Sileighty unahitaji boneti ya Silvia, madigadi mawili, taa na mabano yake, taa za kona, bampa, na chuma cha ndani cha bampa. Hicho cha mwisho wauzaji hukisahau na wanunuzi hawakiulizi. Bampa ya plastiki isiyo na chuma nyuma yake ni pazia, na siku tuk-tuk itakapokuingilia mbele ya soko ndipo utakapojua.

Anza kwa kutoa bampa, kisha taa za kuinuka pamoja na mota na fremu zake, kisha boneti mkiwa watu wawili, mwisho madigadi. Kila madigadi ina bolti iliyojificha, inayoonekana mlango ukifunguliwa. Wasiojua huivuta na kuikunja karatasi ya chuma.

Sasa kufunga, na utaratibu wake ndio siri ya kazi nzuri. Mlango ndio kibla. Mlango hausogei, kwa hiyo kila kitu kinaelekezwa kwake. Funga madigadi kwa bolti zilizolegea, uisogeze mpaka mwanya kati yake na mlango uwe sawa kutoka juu hadi chini. Milimita 4 au 5 zinatosha. Kaza kidogo. Fanya ya pili. Ndipo uweke boneti, uilinganishe na madigadi yote mawili na mwanya wa chini ya kioo. Taa zifuate boneti. Bampa ifuate taa. Niliwahi kuona fundi akianza na bampa kwa sababu ndiyo inayoonekana; alimaliza siku nzima akifukuza mwanya kutoka kona hii hadi ile, na jioni boneti haikufunga.

Usikaze kitu cha mwisho kabla ya kufunga na kufungua boneti mara kumi, taratibu, ukiangalia kufuli inavyoingia. Boneti inayofunguka kwa kasi barabarani huvunja kioo na huweza kuua.

Kabla ya rangi, vua tena vyote na upake praima ndani, sehemu zisizoonekana, na nta ya kuzuia kutu kwenye mikunjo ya madigadi na boneti. Mafundi wa bodi watakuambia ni kupoteza muda. Walio Malindi wanaojali gari zao hawaruki hatua hii.

Taa: nyaya za mota za kuinua hazihitajiki tena, zifunge ncha moja moja, uzikunje ndani, usizikate karibu, maana mwenye gari wa baadaye anaweza kutaka kurudisha uso wa asili. Waya wa taa ndogo (mwanga wa chini), kubwa (mwanga wa juu) na athi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi) zitafute kwa tesita. Baadhi ya gari za Kijapani swichi hukata upande wa athi badala ya upande wa moto, kwa hiyo usidhani waya wenye moto wakati wote una hitilafu. Nunua taa za Japani, si za Ulaya bara wala Marekani: hizo hutupa mwanga upande wa dereva anayekuja mbele yako. Zipime usiku mita 5 kutoka ukutani. Mstari wa juu wa mwanga wa taa ndogo uwe chini ya kimo cha taa yenyewe kwa kama sentimita 5.

Na Strawberry? Inawezekana, ila madigadi halisi ya S15 hayakai yenyewe kwenye S13, maana ekseli na milango haviko mahali pamoja. Utahitaji madigadi ya faibaglasi yaliyoundwa kwa ajili hiyo, boneti iliyorekebishwa, na fundi mvumilivu. Tena pua ile na bampa zake ni za chini. Fikiria matuta ya kutoka Malindi hadi Gede kabla hujalipa. Mwenye S14 ya 1993 hadi 1996 anayetaka uso wa 1996 ana kazi nyepesi zaidi kuliko wote: taa, grili, boneti, madigadi na bampa vya gari ile ile, vinafungwa kwa bolti.

Hatua ya tatu: injini nje, injini ndani

Injini na giaboksi hutolewa pamoja. Tumia cheni bloki iliyoning'inizwa kwenye miguu mitatu ya bomba nene, au kreni ya kukodi. Tawi la mwembe lisihusike. Nimeona tawi likikatika, na mtu aliyekuwa chini aliokoka kwa rehema za Mungu tu. Gari iwe juu ya stendi, matairi ya nyuma yafungwe kwa mawe.

Ikiwa bodi yako ni PS13 au RPS13 na unatia SR ya S14, mabano ya injini yanaingia mahali pale pale. Ikiwa ni S13 au RS13 yenye CA18, chukua mabano ya SR pamoja na injini, na ujue nyaya zote za injini zinabadilika. Hakuna kulehemu chesisi kwenye njia hii, na fundi akikuambia akate kitu mbele ya ukuta wa moto, ule unaotenga injini na abiria, mwulize kwa nini mara mbili.

Injini ikiwa bado chini kwenye mbao, badilisha: klachi na beringi yake, oilsili ya nyuma ya kranki, paipu zote za mpira, plagi, themostati, na gasketi ya kofia. Vitu hivi ukiwa na injini nje ni kazi ya saa chache. Injini ikishaingia, oilsili moja itakudai kuteremsha giaboksi nzima.

Hatua ya nne: nyaya

Nitakaa hapa, maana hapa ndipo gari nyingi za aina hii hufia, zikabaki chini ya turubai nyuma ya nyumba.

Kanuni ni hii: wayaringi ya injini ya S14 ibaki nzima na kontrolboksi ya S14, kama ilivyotoka kiwandani. Usiunganishe sensa moja moja na nyaya za S13. Unaunganisha mahali pamoja tu, pale wayaringi ya injini inapokutana na ya bodi, ndani ya gari upande wa abiria. Hapo kuna mistari michache ya kutambua: umeme wa betri wa kudumu, umeme wa swichi ikiwashwa, umeme wa stata, rilei ya kontrolboksi, rilei ya pampu ya mafuta, mita ya mizunguko, geji ya joto, taa ya oili, sensa ya kasi, na taa ya kurudi nyuma. Kila mmoja uandike kwenye daftari: rangi yake upande wa S13, rangi yake upande wa S14, namba ya tundu kwenye plagi. Tafuta michoro ya umeme ya gari zote mbili, uichapishe, uibandike ukutani. Fundi asiyetaka kuitazama michoro usimpe kazi hii, hata awe mzee wako.

Viungo vya kukunja na kufunga utepe mweusi havidumu pwani. Hewa ya bahari huingia, shaba inageuka kijani, na miezi sita baadaye gari inazima katikati ya barabara bila sababu. Lehemu kila kiungo kwa risasi, kisha kivike mpira wa kukaza kwa joto ulio na gundi ndani. Viungo vipishane, visikae vyote mahali pamoja vikawa fundo.

Athi zitie maanani kuliko nyaya za moto. Kwangua rangi mpaka chuma kieupe, funga kwa bolti, kisha paka vaselini juu. Kuwe na mkanda mnene kutoka injini hadi bodi na mwingine kutoka bodi hadi betri. Nusu ya hitilafu za ajabu nilizowahi kuona kwenye gari hizi, taa zinazofifia ukikanyaga mafuta, geji zinazocheza, zilikwisha kwa waya mmoja wa athi.

Hatua ya tano: mafuta, maji, hewa

Pampu ya mafuta ya gari ya zaidi ya miaka 30 usiiamini na injini ya farasi 220. Weka mpya, na chujio jipya. Mipira ya mafuta iwe ya injini za sindano, inayostahimili presha. Ile ya bei rahisi ya kukata kwa mita hupasuka, na petroli ikipulizwa juu ya turbo gari inateketea.

Bloku la SR20 ni la alumini. Maji ya visima vya Malindi yana chumvi, na chumvi hula alumini kama mchwa ulavyo mbao. Tumia maji yaliyotiwa dawa ya rejeta, au maji safi ya kujazia betri (si asidi) yaliyochanganywa na dawa hiyo. Na tafadhali, usikubali fundi atoe themostati eti huku kuna joto. Injini isiyo na themostati haifiki joto lake la kazi, kontrolboksi inadhani bado baridi, inazidisha mafuta, na kuta za silinda zinaoshwa oili. Weka themostati mpya, weka kava ya feni iliyozunguka feni yote, toa hewa kwa kufungua skrubu yake iliyoko upande wa intake huku ukijaza taratibu.

Injini hizi ziliundwa kwa petroli ya oktani ya juu ya Japani. Super ya vituo vyetu iko chini yake. Kwa hiyo presha ya turbo iache ya kiwandani, na usimsikilize anayekuambia azungushe skrubu kidogo. Ukisikia injini ikigonga ukipanda mlima, ondoa mguu.

Hatua ya sita: kuwasha

Jaza oili mpya. Ondoa fyuzi ya pampu ya mafuta, zungusha kwa stata mpaka taa ya oili izime. Turbo inahitaji oili kabla ya moto. Rudisha fyuzi, fungua swichi bila kuwasha, ukague kila kiungo cha mafuta kwa mkono mkavu. Kizimamoto kiwe mkononi mwa mtu mwingine, si ndani ya buti.

Washa. Isipowaka, usibadilishe kitu kwa kubahatisha. Kontrolboksi ya Nissan ya zama hizi ina taa ndogo inayomweka namba za hitilafu. Ikikupa 55, haijaona kosa. Namba nyingine itakuelekeza kwenye sensa au waya wake. Ikishapata joto, pima taimingi kwa taa yake: digrii 15 kabla ya pistoni kufika kilele, na mizunguko kama 850 kwa dakika.

Hatua ya saba: breki, kisha barabara

Mwenye CA18 ya farasi 175 aliyehamia 220 ameongeza karibu robo. Breki za S13 hazikuongezwa kitu. Angalau diski mpya, pedi nzuri, mipira mipya na maji mapya ya breki. Wengi huhamisha kalipa za pistoni 4 za S14 K's, ile yenye turbo, na habu zake za bolti 5, na mimi nawaunga mkono, ila matairi ya bolti 4 hayataingia tena, basi uwe na rimu tayari.

Safari ya kwanza iwe mzunguko wa mtaani alfajiri, kabla ya bodaboda na watoto wa shule. Ya pili, Malindi hadi Gede na kurudi, mwendo wa kawaida, ukisimama mara mbili kutazama chini kama kuna tone. Usipige turbo mpaka oili ya kwanza imwagwe baada ya kilomita 500.

Siku hiyo ya kumwaga oili, irudishe gari juu ya stendi. Kaza tena bolti za mabano ya injini, za propela shafti, za ekzosi, na za madigadi. Tazama kila kiungo cha umeme ulichokilehemu. Kisha chukua mpira wa maji matamu, lala chini, uoshe reli za chesisi na matao ya matairi mpaka maji yanayotoka yawe meupe, uache ikauke, upake nta upya. Kila mwezi wakati wa kaskazi, na kila urudipo kutoka Gongoni.